Cheko la Anasia

Harufu ya ndizi zinazochemshwa kwa ajili ya pombe ya mbege hunirudisha mgombani kwetu, mlimani juu ya Moshi, enzi za Ujamaa, siku tuliyomzika babu. Akina mama walikuwa wanalia, na Anasia alikuwa anacheka. Ndivyo kila mtu alivyoona: meno yote nje, mashavu yamepanda. Sisi watoto tuliolala naye kitanda kimoja tulijua kwamba akiogopa sana mdomo wake hufunguka wenyewe hivyo, lakini nani angetusikiliza? Hata shuleni akichapwa alitoa meno, na mwalimu akamwongezea.

Anasia alikuwa yatima wa baba mkubwa. Aliyemlea ni shangazi yetu, mwanamke aliyejisifu kwamba akikutazama usoni anakusoma mpaka utumbo. "Huyu amefurahi baba yangu kufa," alitamka mbele ya waombolezaji. Matanga yalipokwisha akamwamuru afungashe, aende Mabogini kwa mjomba wake akafukuze ndege kwenye mpunga. Shule basi. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Hawakumjua shangazi yangu.

Mama yangu akamshauri Anasia jambo la mwisho: akate jani la sale, alifunge fundo, akapige magoti. Kwetu ukiletewa sale unasamehe, hata kama umeuliwa ndugu. Kulikataa ni kujitafutia laana. Anasia akapiga magoti uani, machozi yanamtiririka, na kadiri alivyoogopa ndivyo meno yalivyozidi kutoka. "Shangazi, nisamehe." Shangazi hakulitazama jani, alitazama uso. "Sale unaniletea huku unanicheka?" Akalinyakua, akamtupia mbuzi. Wazee walikuwepo. Wakainamisha macho, wakaendelea na mbege yao. Niliwachukia siku ile, na nawachukia mpaka leo. Kesho yake Anasia aliteremshwa bondeni, Mabogini, na darasani hakurudi tena.

Siku hizi shangazi ni bibi kizee. Mwaka jana kiharusi kilimvuta mdomo, ukabaki umejikunja kama wa mtu anayecheka. Juzi tulipomzika mwanawe alikaa kitini kando ya kaburi, na uso wake ni huo huo. Wajukuu walimfuta mate, wakamshika mkono, wakawaambia wageni, "Msimshangae bibi, ni ugonjwa tu, moyoni analia." Wageni wakaelewa papo hapo, wakampa pole. Kwa Anasia, hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeyasema maneno hayo.