Tumbo la Mwenyekiti Mbele ya Mawingu

Urban Tluway hakupenda jembe, na jembe halikumpenda yeye. Ndiyo maana kijiji chao karibu na Dongobesh kilipoanza shamba la ujamaa, alisimama mkutanoni akaeleza kwamba taifa linahitaji pia wapiga picha. Alieleza kwa mikono yote miwili, mpaka mwenyekiti wa kijiji, Eliakimu Akonaay, akamsamehe zamu za shamba. Lakini kwa sharti: ampige yeye mwenyekiti picha kubwa ya kutundika ofisini siku wageni wa wilaya watakapokuja. Ikiharibika, Urban arudi kulima kama binadamu wengine.

Iharibike? Mikononi mwa Urban? Huyu ndiye aliyempiga picha bibi mmoja wa Gehandu na ng'ombe wake, ng'ombe akatoka mzuri kuliko bibi, na bibi akashukuru! Alikuwa na chumba cha giza nyuma ya nyumba ya mama yake, taa iliyopakwa rangi nyekundu, na mashine ya kukuzia picha aliyoiunda mwenyewe kwa kopo la maziwa ya unga na betri ya lori. Kilichomchosha ni nyuso tu. "Uso kila mtu anao," alikuwa akisema. "Mawingu je?"

Basi jioni moja akampandisha mwenyekiti kilimani, akamsimamisha ubavu, jembe begani, jua likizama nyuma yake na mawingu ya mvua yamejazana. Chumbani akaziba sehemu ya chini kwa kiganja, akaiacha anga ya juu inywe mwanga mpaka ikaiva, nyeusi ya kutisha. Akaipeleka huku anapiga mluzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Uso wangu uko wapi?"

"Upo, mzee. Umo humo ndani ya weusi."

"Si uliniambia umeisafisha hii picha?"

"Nimeisafisha, tena kwa dawa mpya."

"Sasa huu uchafu wote ni wa nini? Angeisafisha mke wangu kwa sabuni ya mche ingetakata kuliko hivi! Nani atanijua?"

Mkewe, Philomena, alikuwa mlangoni akipepeta mtama. Akainua shingo, akatazama mara moja tu.

"Si Baba Fabiola huyo! Tumbo hilo nalijua hata nikifumba macho." Akacheka mpaka mtama ukamwagika.

Mwenyekiti akaitazama upya. Kweli. Uso haukuwepo, lakini tumbo lilikuwepo, limechomoza mbele ya mawingu kama boga lililoiva. Na juzi tu alikuwa ametangaza mbele ya kijiji kizima kwamba mnyonyaji hatambulikani usoni. "Mkiona kitambi, mmeona kupe!" Watu walishangilia sana. Siku hiyo yeye alikuwa amevaa koti.

Akafunga mlango. Sauti nayo ikawa nyingine.

"Urban, mwanangu. Kaisafishe tena. Hapa." Akaweka kidole juu ya tumbo. "Hapa ndipo pachafu."

Urban akaazima wino mwekundu kwa Mwalimu Hilaria, mtu wa Bukoba, aliyeutumia kusahihishia madaftari. Kwenye filamu mambo yote ni kinyume: ukipaka wino, mwanga haupiti, na kwenye karatasi mahali pale panatoka peupe kama anga ya chini, jua linapozamia. Akalipaka tumbo wino. Likaondoka. Lakini sasa mgongo ukaonekana mnene, akaupunguza. Mapaja yakawa kama ya mtu mwingine, akayapunguza. Kidevu nacho, kwa nini kibaki? Mkono ulikuwa umeshanogewa. Alipomaliza, mbele ya mawingu alisimama mtu mwembamba kama mpini wa lile jembe alilobeba, na Urban akajipongeza kwa sauti.

Aliifikisha mkutanoni wageni wameshaketi, imefungwa kwenye gazeti.

"Ndugu wananchi," mwenyekiti akasema huku akichana gazeti, "sasa mtamwona..." Akaiona.

Patriki, ofisa aliyewaongoza wageni, akaichukua na kuiinua juu. "Picha safi kabisa! Tazameni mwili uliokaushwa na kazi. Ni nani huyu?"

"Urban!" akapaza sauti Mzee Bura kutoka nyuma. "Shingo hiyo ni ya kina Tluway!"

"Urban na jembe? Makubwa haya!"

"Jamani, siyo mimi!" Urban akaruka. "Mimi ndiye niliyepiga! Huyo ni..." Akamtazama mwenyekiti.

Mwenyekiti akavuta koti, akajaribu kufunga kifungo. Hakikufika. Akisema ni yeye, tumbo ataliweka wapi?

"Ni Urban," akasema mwenyekiti.

"Hebu simama ubavu, Urban, tuone!" Philomena akaita kutoka upande wa akina mama, huku amejiziba mdomo kwa khanga.

Akasimama. Mkutano mzima ukapiga makofi.

"Mkulima wa namna hii hakai nyuma," akasema Patriki. "Kuanzia Jumatatu aongoze mstari wa kwanza."

Jumatatu ikafika, na Urban akawa mbele ya wote shambani, malengelenge yamemjaa viganjani. Mwenyekiti alikuja kukagua kazi. Alipomkaribia akainama, akajifanya anang'oa gugu.

"Mwanangu," akanong'ona, "ungeniachia hata nusu ya lile tumbo."