Jina la Kobelo Lilipotundikwa Darajani

Haya niliyaona kwa macho yangu, asubuhi, nimeshiba uji wa mtama na sijanywa kitu. Asiyetaka kuamini aache, ila mgongo wangu unao ushahidi, nitaufikia.

Kwanza kulikuwa na mbwa. Bibi yangu kule Matombo alifuga mbwa jina lake Tutaonana. Alikuwa mwizi wa mayai, bibi akachoka, akampa shemeji yake wa Kingolwira. Si mbali sana kwa ndege, lakini kwa mbwa ni milima na mito. Baadaye tukapata mtoto wa mbwa, na sisi watoto kwa uvivu tukamwita Tutaonana vilevile. Basi kila tukimwita huyu mdogo, haupiti muda tunamwona yule mkubwa anatokea migombani, miguu imechanika, ulimi nje. Anarudishwa, anakuja tena. Bibi akatuuliza, "Mnamwita wenyewe, halafu mnashangaa anakuja?" Akambadilisha mdogo jina, na yule mkubwa akatulia kwa shemeji mpaka alipokufa. Nilicheka siku ile. Ningejuaje?

Sasa Kobelo. Enzi hizo za Mdachi, Kobelo alikuwa askari polisi wa boma la Morogoro, cheo chake ombasha. Mluguru wa Matombo kama mimi, ila ukoo wake na wangu ni watani. Akinikuta njiani na mzigo wangu wa ndizi ananizuia mbele ya watu.

"Simama, mwizi wa ndizi. Leo unalala ndani."

"Nifunge," namjibu, "lakini kwanza uikalishe hiyo kofia vizuri, imezidi akili iliyo chini yake."

Tunacheka, ananisaidia kujitwisha. Alikuwa mtu mwema, japo askari.

Masika moja mto ulifurika kwenye barabara ya Matombo. Kobelo akafunga kamba mtini, akawa anavusha watu mmoja mmoja. Bibi kizee wa mwisho alifika ng'ambo. Kobelo hakufika. Tulimpata chini kwenye mawe, tukamzika kwao, na mimi mtani wake nikafanya kazi yangu msibani: nikavaa kofia yake, nikaigiza mwendo wake, nikawakamata waombolezaji mpaka dada yake, Mwanaidi, akacheka huku analia.

Kwetu mtu akifa jina lake haliachwi wazi. Ukoo wa mama unamkalisha mpwa, unampa jina la mjomba, na marehemu anapumzika. Lakini mpwa wake, Selemani, alikuwa mbali huko Kilosa kwenye kazi ya reli, ikabidi asubiriwe.

Bwana shauri, yule Mdachi mkuu wa boma, hakusubiri. Nia yake ilikuwa njema, nisimsingizie. Alijengesha daraja pale pale, la mawe na mbao, akatuita sote. Bendera ikapandishwa, tarumbeta zikapigwa, akatundika ubao uliochongwa jina la Kobelo. Mimi nilisoma chuo cha Kurani juzuu mbili tu, sikuweza kuusoma, nikasomewa. Mwanaidi alimsogelea akida.

"Bwana akida, mwambie angoje. Jina bado halijapata mtu."

"Mwambie wewe," akida akajibu. "Mimi bado naupenda mgongo wangu."

Ubao ukabaki. Watu wakazoea: tukutane kwa Kobelo, nimepita kwa Kobelo. Asubuhi jina, jioni jina.

Selemani aliporudi wakamkalisha, wakampa jina. Kuanzia siku ile akaanza kupotea mbele ya macho yetu. Ukimwita Selemani haitiki, kwa kuwa hilo kaliacha. Ukimwita Kobelo hasikii. Chakula hali, mwili unakauka kama jani la mgomba. Mwanaidi alinifuata shambani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mtani, kazi yako haijaisha. Mwanangu anakufa."

Nikamwambia nitafikiri. Nifikiri nini, mimi mbeba ndizi?

Kesho yake alfajiri nikatoka na mzigo kwenda sokoni Mwembesongo. Jua limeanza kupanda, ukungu bado uko mtoni. Katikati ya daraja nikamwona askari amesimama wima. Kiangazi kilikuwa kikali, mbao zinapasuka kwa ukavu, na yeye anachuruzika maji kofia mpaka miguu. Maji yakigusa mbao hayaonekani tena.

Nilitaka kukimbia, niamini. Lakini mtani hamkimbii mtani. Nikakohoa.

"Wewe, hata kaburi limekutapika?"

Akatabasamu. "Simama, mwizi wa ndizi." Sauti ilikuwa yake kabisa.

"Hapa unafanya nini? Dada yako analia."

"Nakwenda kwake kila siku. Nikifika mgomba wa kwanza, mtu hapa ananitaja. Narudi. Mnaniita, nisije?"

Nikamkumbuka Tutaonana.

"Ung'oe huo ubao basi."

"Mali ya serikali hiyo. Mimi askari."

Umeona? Amekufa, na bado anaogopa boma. Lakini akaniangalia kwa namna ambayo sijaisahau. Na mtani ana haki yake: msibani akinyakua kitu hakuna wa kumkasirikia, mpaka wenye msiba wakikomboe. Nikatua ndizi, nikachukua panga, nikaubandua ubao. Nikapiga kelele kama tunavyofanya, "Nimenyakua cha marehemu." Nikaupeleka mbio kwa Mwanaidi. Akaukomboa kwa kuku jike, akautia jikoni ukaungua. Akamwita kijana, "Kobelo." Kijana akageuka, akasema, "Naam, mama. Kuna ugali?"

Mimi nilikamatwa kabla sijamla kuku. Nani angemweleza bwana shauri habari za utani? Nikachapwa viboko hamsa ishirini bomani, na mpaka leo siwezi kulala chali. Ubao mwingine ukatundikwa, haukudhuru kitu, jina lilishapata mtu. Kobelo kijana alinenepa, akaoa, na kila akivuka alituambia tulipe ushuru, daraja ni lake.

Kwa hiyo wewe unayetaka kumheshimu marehemu kwa daraja, barabara au kisima, waulize kwanza watu wa ukoo wake kama jina limeshakaa.

Nilisahau jambo moja. Asubuhi ile, ubao ulipobanduka, nilitazama nyuma. Alikuwa ameishika kofia mkononi, nayo imekauka. Akateremka upande wa Matombo, akaingia kwenye ukungu kwa mwendo wa mtu aliyemaliza zamu. Hakurudi tena.