Waya Niliouvuta Kimya Kimya

Mwanangu, iko asubuhi moja ya ukungu ambayo haijapata kunitoka. Huja yenyewe bila kuitwa, hasa nikiwa nimekaa barazani hapa Mwanda na mawingu yamelala bondeni kama maziwa yaliyomwagika, hata hujui tena mlima unaishia wapi na nyika inaanzia wapi. Nikifumba macho nasikia harufu ya majani ya mkaratusi yaliyolowa. Halafu namsikia mzee akikohoa mahali fulani ndani ya weupe ule, na moyo unanishtuka kama siku yenyewe.

Nakusimulia kwa sababu siku hizi nawasikia vijana. Wengine mmenunua mashamba kule Maungu, wengine mmerithi ya baba zenu huku milimani, na kila mmoja ana kilio chake: majirani wanapita, wanalisha mifugo, wanakata kuni bila ruhusa. Mnatumiana maneno makali kwenye simu mpaka grupu la kijiji linachemka. Siwacheki. Shamba lina uchungu wake, na mimi pia nililia kilio hicho.

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, fundi wa nguo mjini Voi, na cherehani yangu ilikaa kwenye veranda ya duka moja karibu na soko. Baba alipofariki aliniachia shamba hili. Kaka zangu alikuwa amewagawia yao mapema. Hili aliliandika kwa jina langu, na watu walisema sana. Mwanamke, tena anakaa mjini, ataliweza? Basi kila Jumamosi nilipanda mlima, nikalima, nikalala katika nyumba ya baba, kisha Jumapili jioni nikarudi Voi. Katikati ya wiki shamba lilibaki na ndege tu.

Ardhi yenyewe inateremka kutoka barabara ya juu mpaka kwenye kijito. Katikati yake ilikatiza njia nyembamba, iliyong'arishwa na nyayo za miaka mingi. Watu wa juu waliifuata kushuka kuchota maji, akina mama kwenda kanisani. Baba hakuifunga kamwe. Alikuwa akisema shamba lisilopitwa na mtu huota upweke. Nilimwona ni mzee wa zamani.

Msimu ule nilipanda maharagwe. Jumamosi moja nikafika nikakuta nusu ya matuta yamelazwa chini, na alama za kwato zimejaa maji ya mvua, kila moja imeshika kipande chake cha anga. Nilizifuata. Zilitoka kwenye boma la Samba na kurudi kwenye boma la Samba. Huyo Samba alikuwa jirani yangu wa upande wa juu, tena tulisoma darasa moja. Nikasimama nje ya mlango wake. Nikasikia sauti yake nzito ndani, akimkemea mtu, sijui nani. Mkono wangu ulikuwa tayari kubisha hodi. Sikubisha. Niligeuka, nikarudi shambani, nikakaa juu ya jiwe nikalia.

Nitakwambia ukweli ambao sikumwambia mtu wakati ule: nilimwogopa. Samba alikuwa na hasira za karibu, na nilijua atanipa jibu gani kuhusu shamba la mwanamke. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuona, nikaupita.

Jumamosi mbili zilizofuata mambo yakawa yale yale. Ya nne nilikuja na seng'enge kutoka Voi, pamoja na fundi na nguzo. Kufikia jioni tulikuwa tumevuta waya wa miiba, mistari minne juu, mistari minne chini, na njia ya watu imefungwa pande zote mbili. Sikumwambia jirani hata mmoja. Nilijiambia, mwenye macho haambiwi tazama. Methali ile ilinifariji kweli. Nililala usingizi mtamu, nikaota maharagwe yamepanda ukuta na kuchanua juu ya paa.

Asubuhi yake, Jumapili, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilifungua mlango nikadhani dunia imeondoka. Ndipo nikasikia kile kikohozi. Nikakifuata taratibu, mikono mbele. Kwanza nikaona kofia. Halafu koti. Halafu Mzee Mwakio mzima, amesimama wima kwenye waya kama mtu anayesubiri kufunguliwa mlango. Koti lilikuwa limenaswa mahali pengi, na damu ilikuwa ikimtoka kiganjani ikidondoka juu ya majani bila sauti.

Mzee Mwakio, mwanangu, alikuwa haoni. Macho yake yalikuwa yamezimika miaka kumi nyuma. Lakini kila asubuhi alishuka mwenyewe, kwa fimbo yake, mpaka kijitoni, akanawa uso na kukaa akisikiliza maji. Alikataa kushikwa mkono. Alisema miguu yake inaijua njia ile kuliko macho yake yalivyowahi kuijua. Na jambo hilo nililijua tangu mwanzo. Kwa nini sikumkumbuka siku ya kuvuta waya?

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni mimi, mzee."

"Aa, binti wa Mwandoe. Kwawuka." Alinisalimia kwa Kidawida, kwa upole, kama tumekutana njiani. Kisha akasema, "Hebu niambie, mwanangu. Nani amehamisha mlima?"

Heri angenitukana. Nilikimbilia koleo ndani, nikaanza kukata waya, naye akaniambia, "Usikate mwingi. Umeununua." Nikamfunga kiganja kwa leso yangu. Nikataka kumrudisha kwake, akakataa. Alitaka kwenda kwenye maji yake. Basi nikamshika mkono, na siku ile hakukataa kushikwa, jambo lililoniuma kuliko damu.

Tulikaa kijitoni muda mrefu. Ukungu ulipita mbele yetu pole pole kama watu wanaokwenda mazishini. Ndipo akasema, "Umefanya vizuri kufunga."

Nilimtazama. "Mzee, unanidhihaki?"

"Sikudhihaki. Shamba ni lako. Ng'ombe wanakuharibia, nasikia kengele zao kila Jumatano, wakishuka kutoka kwa Samba. Umemwambia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Namwogopa, mzee."

Akatikisa kichwa. "Sasa nimeelewa. Umemwogopa mtu mmoja, ukatufungia sisi wote. Ng'ombe ndiye aliyeingia, lakini aliyenaswa ni mimi." Akachota maji kwa mkono mzima, akanawa uso. "Njia hii baba yako alitupa kwa mdomo. Na wewe unaweza kuiondoa kwa mdomo. Lakini mdomo uwepo, binti. Waya hauna mdomo."

Nikamwomba twende pamoja kwa Samba. Akakataa katakata. "Ukienda na mimi, atanisikia mimi. Kesho kutwa nikifa utakwenda na nani?"

Nikaenda peke yangu. Baada ya kanisa, mchana kweupe, nikabisha hodi kwenye mlango ule ule. Samba alipotoka nikamwambia: ng'ombe wako wamekula maharagwe yangu, Jumatano baada ya Jumatano, na nataka yakome. Sauti yangu ilikuwa nyembamba kama uzi wa cherehani, lakini haikukatika. Akacheka. "Dada, ng'ombe hajui kusoma hati ya shamba."

"Lakini wewe tulisoma darasa moja," nikamjibu. "Unajua."

Alinifungia mlango. Zamani ningelia. Siku ile niliona mzigo umenitoka kifuani, kwa sababu neno lilikuwa limeshasemwa na sasa lilikuwa lake kulibeba. Jioni ile sikurudi Voi. Kesho yake nilikwenda kwa mzee wa kijiji, kisha kwa naibu wa chifu. Wakaja, wakayaona mawe ya mpaka, wakazitazama kwato, wakamsikiliza Mzee Mwakio na habari za kengele. Samba akaambiwa afunge mifugo yake na apande upya kile alichoharibu. Alikuja asubuhi mbili, akapanda mstari baada ya mstari, bila kunisemesha. Na ng'ombe wake hawakuingia tena. Sitakudanganya kwamba tulikumbatiana. Kwa miaka sita alinisalimia kwa kidevu. Sasa tunasalimiana kwa mdomo, tunapeana miche, na siku nyingine anacheka. Vidonda vingine hupona kwa kalenda yao.

Seng'enge sikuiondoa, mwanangu. Niliisogeza. Kando ya mpaka, pale penye mawe, niliacha njia ya kumtosha mtu mwenye mzigo kichwani, halafu nikaenda nyumba kwa nyumba kueleza: katikati sasa ni shamba, pembeni ni njia yenu. Wengine walinung'unika kwamba ni mzunguko. Mama mmoja aliniambia nimekuwa mtu wa mjini. Lakini walipita pembeni. Mtu aliyeelezwa hunung'unika huku akitii.

Alibaki Mzee Mwakio, na miguu yake iliyoijua njia ya zamani. Nilifunika cherehani yangu kwa juma zima. Kila asubuhi nilimpitia, tukashuka pamoja kwenye njia mpya. Aligusa nguzo moja moja. Alisimama penye jiwe, akalikanyaga, akalizungushia fimbo, akalitia moyoni. Ukungu ukitukuta alitabasamu, kwa kuwa mle ndani mimi ndiye niliyekuwa kipofu. Siku ya tano, tukiwa tumefika katikati ya mteremko, aliuachilia mkono wangu, akaendelea mbele. Nikamfuata nyuma, nikikanyaga polepole asisikie.

"Rudi ukashone nguo za watu," akasema bila kugeuka. "Mlima nimeupata."

Alishuka njia ile miaka mitatu zaidi, mpaka alipotutoka.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana nisipoyasema haya hadithi itaelea tu kama wingu. Linda shamba lako. Usimsikilize mtu anayekwambia kwamba ujirani mwema ni kukubali kuliwa. Asiyelinda chake leo, kesho atagombania hata kivuli. Lakini kabla hujashika waya, jua mpaka wako; mwite mpimaji, mbele ya majirani, kila mtu aone mawe yako wapi, usije ukafunga cha mwenzio kwa uchungu wa chako. Jua pia ni nani hasa anayekuumiza. Wanasema samaki mmoja akioza wote wameoza, na kwa samaki ni kweli. Majirani si samaki. Mfuate yule mmoja, mchana, kwa mdomo wako, hata kama unamwogopa. Akikukatalia, wako wazee, yuko chifu, iko sheria; nenda kwao bila haya, wala usichukue panga, wala usimtegee mtu mtego. Na kama kuna njia ambayo watu wameizoea, ulizia kwanza anapita nani. Pengine yupo mmoja ambaye hukumwona, na njia yako ndiyo macho yake. Mwonyeshe pengine pa kupita, umpe na siku za kupazoea.

Sisemi ni rahisi. Mimi waya nilivuta kwa siku moja, na neno moja lilinichukua majuma matatu.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe ardhi yenye mvua na mipaka isiyo na ugomvi. Akujalie ulimi mtulivu na moyo usiotetemeka mbele ya haki yako. Majirani zako wabishe hodi kabla ya kuingia, na wewe ubishe hodi kabla ya kukasirika. Uvune ushibe, ubakize cha kumgawia apitaye. Amina.