Jirani Alipompigia Bibi

Juzi nlipita kwenye kichochoro chetu cha zamani, Mji Mkongwe, nnakwenda zangu kutafuta dawa ya goti, miguu ikanipeleka yenyewe mpaka chini ya dirisha la bibi. Nyumba sasa ni hoteli. Mlangoni kakaa kijana, masikio kayaziba kwa vile vijidude vya kusikilizia muziki, kichwa kinamtikisika. Nkamuuliza, "Mwanangu, unasikiliza nini?" Hakunisikia. Nkarudia kwa sauti. Akanipa ramani ya watalii.

Enzi zetu nani angeuliza? Ukitaka kujua mtu anasikiliza nini ulikaa kwako ukakuna nazi, wimbo ukakufuata. Kichochoro chembamba, dirisha la bibi na la jirani ungeweza kupokezana kikombe cha chai kama wenyewe wangekuwa na nia ya kupokezana kitu. Hawakuwa nayo. Jirani, mwanamke mwenzake, alikuwa na gramafoni, na kila alasiri, harufu ya bajia ikianza kupanda kutoka chini, alichagua taarabu yenye maneno makali, akaigeuza pembe ya gramafoni dirishani kwetu, akapiga. Nawe wajua, kwetu santuri inapigwa na mtu anapigwa, neno ni hilo hilo, na mie utoto wangu wote sikuona tofauti kubwa.

Bibi alijibu kwa kugonga sinia kwa kijiko. "Leo unatusikilizisha nini, mwana wee, kilio cha mbuzi?"

"Nakusikilizisha sifa zako, Bi mkubwa," jirani humjibu. "Nyengine nakuwekea kesho."

Walichogombania hakuna aliyekijua. Mie nlidhani wenyewe washasahau.

Usinione nnacheka ukadhani zilikuwa siku za kuchekesha. Nlipigwa na mwalimu wa chuoni, wa Kurani, kwa kusinzia, nkapigwa na mwalimu wa skuli kwa kuimba darasani. Darasa la sita mie na skuli tukaachana, na sijui nani alifurahi zaidi. Lakini hizo zilikuwa bakora za watoto. Mwaka wa mapinduzi walikuja watu na mapanga wakamchukua ami yangu, mtoto wa mwisho wa bibi. Walimburura ngazini, na gramafoni ya bibi wakaitia teke ikateremka pamoja naye. Bibi alikuwa juu, miguu haimtii, akawa anasikia sauti ya mwanawe inamwita, mpaka ikakatika kwenye kona. Ami hakurudi. Damu yake kwenye ngazi mama aliisugua kwa ndimu na mchanga. Tokea hapo bibi moyo wake ukawa mbovu, na daktari akamwambia mama mbele yangu kuwa mshtuko mwengine kama ule utamuua, na kichochoro kizima kikajua.

Kulikuwa na wimbo mmoja wa zamani bibi akiupenda kuliko chakula. Santuri yake ilivunjika siku ile ile ngazini. Jirani alikuwa nayo kama hiyo, sote twajua, na bibi alikuwa akiiomba dirishani kwa kuzunguka, "Wengine wana vitu vizuri, wanavificha kama wameiba." Jirani akasema, "Nimpigie yule? Labda nife kwanza."

Sasa alikuwepo kaka yangu. Huyo yeye taarabu hakuitaka. Alifuga nywele kama kiota cha kunguru, kavaa suruali ya bugaluu inayofagia njia nzima, na jioni vijana wenzake wakikusanyika barazani kwetu, kila mmoja na santuri kwapani, wanaulizana: siku hizi unasikiliza nini?

"Mie nna moja katoka nayo baharia," mmoja anasema. "Ngoma yake ikianza, tumbo linatikisika."

"Tumbo lako linatikisika kwa njaa," kaka anamwambia.

Miaka ile baada ya mapinduzi, nywele kama hizo na miziki ile vilishapigwa marufuku. Walizunguka vijana wenye mikasi na bakora, wakimkuta mtu wanamnyoa njiani kama kondoo. Mama alimlilia kaka azikate. Kaka akasema zinamwekea kichwa joto. Unguja hii, kichwa joto!

Basi alasiri moja nimekaa kwenye mbuzi, nnakuna nazi hapo ndani ya mlango, kaka na wenzake wako barazani, nkasikia viatu vya wale wenye mikasi. Wenzake walikimbia. Kaka bugaluu ilimkanyagisha akaanguka, na hapo hapo wakamkalia. Santuri zake walizivunja moja moja kwenye ngazi ya baraza, wakimuuliza, "Na hii unasikiliza nini humu?" kisha wanamchapa nayo ya uso. Mkasi walimpitisha kichwani bila ya maji, ngozi ikitoka ikatoka. Halafu zikaanza bakora. Kaka aliuma meno kwanza. Nlimwona anatazama juu, kwenye dirisha la bibi, na nkajua anaogopa nini. Mwili una mpaka wake. Akapiga ukelele wa kwanza.

Jirani alikuwa dirishani. Alinitazama mie, akanionesha kwa kidole: panda juu. Kisha akapotea ndani.

Sijawahi kupanda ngazi zile vile. Nafika, bibi kashaanza kujiinua kitandani, rangi imemtoka. "Nani huyo analia?" Na kabla sijapata uongo wa kumwambia, wimbo ukaingia. Wimbo wake. Jirani kaisogeza gramafoni mpaka pembe iko nje ya dirisha, chumba kizima kinatetema.

Bibi akarudi kwenye mto taratibu. Machozi yanamtoka, vidole vinapiga ukingo wa kitanda. Na chini bakora nazo zinapiga. Nlizisikia mie, kwa sababu nlijua zipo.

Lakini santuri zile zilikuwa fupi. Wimbo ukaisha, sindano ikakwaruza, na jirani atie ufunguo tena ndio apige. Kimya kikaja, na ndani ya kimya nkamsikia kaka anavuta pumzi ya kulia. Nkaimba. Mie, mwenye sauti ya paka aliyebanwa na mlango, nkaushika wimbo ule kwa nguvu zangu zote. Bibi alinizaba kofi la shavu la kushoto mpaka nkaona nyota.

"Nyamaza, unaniharibia!"

Nkaendelea kuimba. Akanizaba la pili. Nkaimba zaidi. Sijawahi kupigwa kwa haki kama siku ile. Kisha sindano ikashika, na jirani akarudia, na kila wimbo ukiisha mie nnaupokea, nnapokea na kofi, mpaka viatu vikaondoka barazani.

Bibi akajifuta macho, akacheka. "Umeona? Kashindwa yule. Kanipigia mwenyewe."

Kaka tulimwambia bibi kanyolewa kwa chawa, na mdomo umemvimba kwa kuanguka na baiskeli. Aliamini, au moyo wake uliona heri kuamini. Ila jirani ndiye aliyelipia. Miezi mizima bibi alikaa dirishani anamchoma: "Mwana wee, si ulisema mpaka ufe? Mbona uko hai?" Na yule mwanamke, ambaye ulimi wake ungemkausha pweza, alikuwa anatazama ukili wa mkeka anaosuka na kumwambia, "Umenishinda, Bi mkubwa." Sababu hakumwambia hata siku moja. Bibi alikufa usingizini, mshindi.

Kaka alikwenda Mombasa, nywele hakufuga tena. Jirani naye alizikwa, gramafoni sijui kaila nani. Madirisha yote mawili yana vioo sasa, yamefungwa kwa ajili ya baridi ya mashine. Nlisimama pale na ramani yangu mkononi, nkaujaribu ule wimbo kidogo, kwa sauti ile ile ya paka. Yule kijana hakugeuka.

Nlipofika mstari wa pili, shavu la kushoto lilianza kuwaka.