Macho Aliyoyafungua Narbada Bai

Wewe unayeinamia picha ya Krishna kila asubuhi, umewahi kuuliza ni mkono wa nani ulioichora? Hapa Nathdwara, mji wa hekalu lake, hatuulizi. Picha ikitoka nyumba ya Mzee Raghunath, ni ya Raghunath, basi.

Mimi nimezaliwa nyumba ya pili kutoka kwao, na nilichokiona nakisema. Kwa miaka arobaini aliyechora ni Narbada Bai, mjane wa mdogo wake Raghunath. Ndiye aliyesugua karatasi kwa jiwe mpaka ikang'aa, akasaga rangi, akachora ng'ombe, miti, vyungu vya siagi, na kidole cha mguu cha mtoto chenye ukucha mdogo kuliko punje ya haradali. Macho tu aliyaacha matupu. Raghunath alioga, akaja kabla hajaonja chakula, akatia mboni mbili, akaondoka. Huko ndiko kufungua macho. Yakishafunguka, karatasi si karatasi tena. Ni mungu mwenyewe, mtoto wa nyumbani, na kuyafuta ni kumpofusha.

Kwa mila yetu mke wa mdogo mtu hasemi na shemeji mkubwa, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao. "Mwambie baba mkubwa wako bluu imekwisha," angeniambia Narbada Bai, na mzee mwenyewe amekaa hatua tatu kutoka kwake. "Mwambie nimesikia, mimi si kiziwi," angejibu mzee.

Mwaka huu presha ya macho iliua jicho la kulia la Narbada Bai, na daktari akasema la kushoto halitafika sikukuu ya Diwali.

"Nimechora watoto wangapi, mwanangu?" aliniuliza mchana mmoja. "Wote nimewaacha vipofu. Nataka mmoja anitazame kabla sijaingia gizani."

Picha iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya Yashoda, mama yake Krishna, akimfunga mwanawe kwenye kinu kwa kosa la kuiba siagi, na kila akiunga kamba nyingine, bado inapungua vidole viwili. Ilibaki macho tu. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo cha Udaipur, damu inachemka, haki imejaa kichwani.

"Mfungue wewe, shangazi. Leo hii."

"Na mzee?"

"Anakoroma. Akiamka umeshamaliza."

"Ndio wizi mliofundishwa chuoni?"

"Kwani huyo unayemchora si mwizi?"

Alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mdomo wako huo, msomi! Haya, niwekee maji nikaoge."

Alirudi nywele zikidondosha maji. Akashika brashi ya manyoya ya kindi, pua karibu iguse karatasi, akazuia pumzi. Jicho moja. La pili. Mtoto akainua macho kwa mama yake, machozi yakimlengalenga, na mwili ukanisisimka, mimi niliyejigamba bwenini kwamba siamini chochote.

Ndipo baragumu likalia hekaluni.

"Hilo ni la nini?" aliuliza, ingawa alijua.

"La kumwamsha Krishna."

"Kumbe alikuwa amelala." Brashi ilimtoka mkononi. "Nimemfumbua mtoto macho katikati ya usingizi wake."

Hapa hata mtoto wa miaka mitatu anajua kwamba tangu mlo wa mchana mpaka baragumu la alasiri Krishna amelala, na hakuna anayekohoa karibu na mlango wake. Narbada Bai alikuwa akiijua saa kwa kivuli cha ukuta uani, na sasa macho yake hayakioni tena kivuli hicho. Mimi nilikuwa na macho, wala sikukiangalia.

Raghunath alikuja akaitazama picha, rangi ya macho ingali mbichi. Hakugomba. Laiti angegomba.

"Mwambie," alisema, "mtoto aliyekatizwa usingizi hatumpeleki nyumbani kwa watu. Na kumpofusha hatuwezi. Kesho anakwenda mtoni, tumwachie maji."

"Baba mkubwa, ile ni karatasi!" nilifoka.

"Kama ni karatasi, wewe ulihangaika nini na macho yake?"

Niliinama nikaiokota brashi.

Asubuhi yake tuliteremka mpaka mto Banas, umejaa maji ya mvua. Raghunath aliingia mpaka magotini, picha ikiwa mikononi kama mtoto anayekwenda kuogeshwa. Narbada Bai alisimama ukingoni, mtandio umeshushwa mpaka kidevuni.

"Mwulize," aliniambia, "yanatazama wapi? Mimi sikuyaona vizuri."

Nikauliza. Mzee aliinamia picha.

"Mwambie yanamtazama mama yake."

Kisha akaachia. Karatasi ilielea kidogo, ikajikunja, bluu ikatangulia kutoka, na mkondo ukaichukua kwenda kushoto. Narbada Bai alikuwa ameinua mkono kuiaga, akiwa amegeukia kulia.