Namba Mbili za Bunduki ya Babu

Mafuta ya cherehani yaliyochanganyika na moshi wa udi: hiyo ndiyo harufu ya Ijumaa zangu nilipokuwa msichana mdogo, katika nyumba yetu ya Al Twar, Dubai, miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Baada ya chakula cha mchana Bibi alinituma nimteremshie ukutani bunduki ya marehemu Babu, bunduki kuukuu ya jeshi la Waingereza aliyoinunua Maskati alipokuwa mlinzi huko, kabla hawajahamia Dubai. Haikufyatuliwa tena, ilirushwa juu na kudakwa tu na wachezaji kwenye ngoma za harusi za Waarabu. Bibi aliipangusa kwa kitambaa chenye mafuta, nami, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameingia ukungu, nilimsomea alama zilizogongwa kwenye chuma: taji dogo, mishale miwili iliyogusana ncha, ishara kwamba jeshi limeshaiuza, kisha namba mbili zilizofanana, moja ubavuni na nyingine kwenye komeo, kile chuma cha kusukumia risasi. Namba hizo Bibi aliziita mapacha. Nikimwambia wapo, alishusha pumzi na kuanza kunihadithia habari za Babu.

Msimu mmoja wa baridi baba aliichukua kwenda nayo harusini kwa arbab wake, Mwarabu aliyemwajiri kama dereva. Ilirudi baada ya siku kadhaa. Ijumaa iliyofuata niliipakata kama kawaida. Taji lilikuwepo, mishale ilikuwepo, lakini namba ya kwenye komeo ilikuwa tofauti kabisa na ile ya ubavuni. Nilirudia kuzisoma, kidole juu ya chuma.

"Mapacha hawapo, Bibi," nikasema. "Hii siyo ya Babu."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alicheka kidogo, akasema nimesoma vibaya, kwamba siku hizi akili yangu iko kwenye katuni tu. Bibi akamtaka aape. Akaapa. Kisha akaniamuru nimwombe Bibi radhi kwa kumtia hofu bure, nami nikaomba, machozi yakinitoka.

Jikoni Baba alinieleza kwa sauti ya chini. Arbab aliitamani bunduki ile mbele ya wageni, na ndiye aliyekuwa mdhamini wa viza zetu sote. Baba akaogopa kumnyima, akampa, halafu akatafuta nyingine ya aina ileile sokoni Deira.

"Sasa mwambie Bibi," nikasema.

"Hatajua kamwe, ukinyamaza."

Pengine ningemwelewa, hata nikiwa mdogo vile, kama asingeapa. Bibi hakuniita tena kusoma. Hakunigombeza, alisema tu kwamba nimekua, nina mambo yangu. Baba ndiye aliyekaa pale mkekani kila Ijumaa, akiinamia chuma na kusema, "Wapo, Mama," na Bibi akimhadithia yeye habari nilizokuwa nikihadithiwa mimi. Bibi alifariki akiamini kwamba mjukuu wake alimdanganya na mwanawe akamwambia kweli.

Leo nina watoto, na baba anaishi nami. Ni mzee mpole. Wajukuu wanampenda, na mimi nampenda. Nampikia, nampeleka hospitali, tunacheka pamoja. Lakini akiniambia jambo lolote, hata kwamba ameshakunywa dawa zake, mimi huitikia, "Sawa, Baba," kisha naenda kumuuliza mtu mwingine.