Siku Niliyosahihisha Faili la Koko

Harufu ya karatasi inayotoka moto kwenye mashine ya fotokopi hunirudisha nyuma hadi leo. Wengine huinusa wakakumbuka mitihani. Mimi namkumbuka Papa, amesinzia kwenye benchi la duka la kompyuta la kaka Fidele, mtaa wa Berea, sare ya ulinzi bado mwilini.

Nilikuwa na miaka tisa. Papa alikuja Johannesburg na flashi moja aliyoifunga kwenye leso. Ndani yake mlikuwa na maneno ya Koko, mama yake. Papa alikua bila kumjua baba yake, hata jina, na Koko hakuweza kumtajia mwanawe jambo hilo uso kwa uso, haya ilimzidi. Karibu na siku ya safari alimwendea karani wa kanisa pale Lubumbashi, akamsimulia, karani akaandika kwenye kompyuta. Aliandika kwa Mandombe, maandishi yetu ya Kongo ambayo kila silabi ina umbo lake, kwa kuwa Koko hakujua kusoma mengine na alitaka kuhakiki mwenyewe. "Utafungua ukifika," alimwambia Papa. Papa alifika. Koko akafariki, na karani akahamia kusikojulikana.

Basi kila Jumamosi, Papa akitoka lindoni, tulishuka kwa Fidele, Mrundi mwenye roho nzuri. Faili lilifunguka, lakini Mandombe hatukuiona. Zilikuwa herufi za kizungu zilizovurugika, ukurasa baada ya ukurasa.

"Eish, mzee, hii imeingia virusi," Fidele alisema. Papa aliendelea tu kuitazama skrini.

Jumamosi moja usingizi ulimchukua, Fidele naye alikuwa na wateja. Nikakikalia kiti. Jamani, mnijue: shuleni nilikuwa bingwa wa kuandika maneno ya Kiingereza bila kosa, na maringo yangu hayakubebeka. Nikaona kila neno limepigiwa mstari mwekundu. Kumbe dawa ndiyo hii! Nilibofya neno, mashine ikanipendekezea la Kiingereza, nikalichagua, wekundu ukatoweka. Lililokosa pendekezo nililifuta. Nilimaliza kurasa tatu, vidole vikachoka. Mashine ikaniuliza kama ihifadhi. Nikakubali.

"Ona, Papa, nimeiponya!" nilimwambia alipoamka. Kiingereza hakujua kukisoma, ila aliona wekundu umetoka.

"Mutoto yangu iko na akili," alimwambia Fidele, duka zima likasikia. Akaninunulia magwinya mawili ya moto, yale maandazi ya huku, nikala kwa madaha njia nzima.

Miaka ikapita, na mwaka 2019 tulipata mgeni kutoka Lubumbashi, kijana wa kanisani mwenye kompyuta yake. Ndiye aliyetufumbua macho. Kompyuta, alisema, haijui herufi, inajua namba. Kila herufi ya kizungu ina namba yake; Mandombe haijapewa hata moja. Kwa hiyo karani aliazima namba za a, b, c, akazivisha maumbo yetu kwa fonti maalumu. Pasipo fonti hiyo, vazi linavuliwa, zinabaki a, b, c.

"Hakuna virusi, Papa. Maneno yapo salama kabisa," mgeni alimwambia.

Nikazikumbuka zile kurasa zangu tatu. Kijana akaiweka fonti, Mandombe ikajaa skrini, nzuri ajabu. Papa akavaa miwani. Kwa kurasa tatu midomo yake ilicheza bila kutoa neno. Kiingereza changu kilikuwa kimevishwa Mandombe: silabi zilikuwepo, maana haikuwepo. Kisha, pale vidole vyangu vilipochokea, Koko akaanza kuzungumza, na Papa akasoma kwa sauti:

"Jina yake nimeshakwambia kule juu, mwana yangu. Sasa unajua uko wa nani. Usinichukie."

Papa akarudi kurasa za juu kulitafuta.

Nilimwambia yote nikilia. Akavua miwani, akasema, "Ulikuwa unanisaidia." Laiti angenichapa.

Utotoni niliamini kilichopigiwa mstari mwekundu ni kosa. Nilichelewa mno kuelewa kwamba mashine huupiga hata pale isipotujua. Majuto ni mjukuu, na mjukuu wa Koko ni mimi.

Flashi Papa bado anayo. Jumamosi nyingine huifungua, akazisoma zile kurasa tatu kwa sauti, silabi baada ya silabi, akisikiliza kama ndani yake kuna jina.